Miaka Saba Nikivaa Kilti Glasgow: Namjibu Kijana wa Kilifi

Juzi kijana mmoja wa Kilifi anayesoma Aberdeen, huku Scotland, aliniandikia kuhusu kilti, lile vazi la Waskoti la kufunga kiunoni, lenye mikunjo na kufika magotini: "Kaka, nahitimu Julai. Nikivaa kilti, watu wa nyumbani watanionaje?" Nilitaka kumjibu kwa maneno mawili, nikajikuta nimejaza kurasa. Basi nawajibu nyote, maana najua hamu yake ndiyo yenu. Hakuna aliyevuka bahari kuja huku ili apite tu kama kivuli.

Mimi ni fundi baiskeli, hapa Partick, mtaa wa Glasgow. Miaka minne ya mwanzo hakuna mteja aliyenishika sura. Mtu namtengenezea breki leo, akirudi baada ya mwezi tunaanza upya kana kwamba hatujaonana. Iliniuma kuliko baridi. Kisha rafiki akanialika harusini, nikakodi kilti ya siku moja, na jioni ile mwili wangu ukakumbuka mambo ya zamani. Babu yangu, Mji wa Kale Mombasa, hakuwa mtu wa suruali. Alikuwa na kikoi cha nyumbani na kikoi cha msikitini, na ole wako uvichanganye. Kufunga nguo kiunoni, kuketi huku unajua magoti yako yako wapi, kugeuka upepo ukivuma: yote hayo niliyaona kwake kabla sijajua kusoma. Niliirudisha kilti dukani Jumatatu nikajihisi nimevuliwa changu.

Wiki hiyo hiyo nikanunua ya mtumba, kwa sababu mpya iliyoshonwa kwa mkono ilinishinda bei. Msidhani ni kinguo chepesi. Kilti kamili inakula zaidi ya mita saba za kitambaa cha sufu. Mikunjo yote iko nyuma, mbele ni bapa, mapazia mawili yanayopandana, na pazia la juu linafungwa kulia, ukingo wake umeachwa matamvua kama ya kikoi. Pini ile kubwa ya pembeni hupita pazia la juu peke yake. Mimi siku ya kwanza niliyashikanisha yote mawili, nikainama kuokota cheni, kitambaa kikachanika urefu wa kidole. Nilikitia uzi mwenyewe usiku ule, na mshono huo bado ninao.

Tangu siku hiyo nimevaa kazini, sokoni, kwenye basi, hospitalini mke wangu alipojifungua. Hapo ndipo mambo yalipobadilika. Mwaka jana aliingia bibi mmoja kutoka Oban, akasema, "Wewe ndiye fundi wa kilti, uliniwekea tairi bure mvua ikinyesha." Ilikuwa imepita miaka mitatu, mimi mwenyewe nimesahau. Na mwezi uliopita nimepewa kazi ya kutunza baiskeli za shule moja, baiskeli 40, kwa sababu mwalimu mkuu alishindwa kukumbuka jina la karakana yangu lakini akamwelekeza karani wake amtafute mtu wa kilti. Nilipozima simu nililia, sioni haya kusema.

Lakini mdogo wangu, kumbukumbu haichagui. Kuna asubuhi nilimfokea dereva wa basi mbele ya abiria, na kosa lilikuwa langu. Mtu wa suruali ya jinzi angesahaulika kufika jioni. Mimi nilikumbukwa. Kwa wiki kadhaa dereva yule alinifungulia mlango bila kuitikia salamu yangu, mpaka nilipomwomba radhi mbele ya watu vilevile. Ukishavaa hivi huna tena siku ya kuwa mtu asiyejulikana. Lipa deni lako, wahi miadi, shusha sauti.

Na ujue umevaa nini. Kilti yangu ile ya kwanza ilikuwa ya Black Watch, mistari ya buluu nzito, kijani na nyeusi. Mistari mingi ya kilti ina ukoo wake wa Kiskoti; muuzaji aliniambia hiyo haina ukoo, yeyote anavaa, na ni kweli. Nikaenda nayo kwenye mkutano wa Wakenya. Mzee mmoja wa Nyeri akaniita pembeni, akashika ukingo wa pazia kwa vidole viwili, akaniuliza kama najua ni nguo ya nani. Akanieleza kwamba kikosi cha jeshi la Uingereza chenye jina hilo la Black Watch kililetwa Kenya mwaka 1953, kupambana na Mau Mau. Hakupandisha sauti hata kidogo. Niliuza kilti ile, na ninayovaa sasa ni ya kijivu, rangi moja, haina mistari.

Mzee yule namshukuru mpaka kesho. Waliobaki siku ile sijawasamehe. Walinipiga picha kwa siri wakaisambaza na maneno "amevaa sketi, ametuaibisha", na miongoni mwao wapo waliolelewa na wanaume wa vikoi kama mimi! Wangeuliza ningewaambia kwamba serikali ya Uingereza ilitunga sheria mwaka 1746 kuwakataza Waskoti wa milimani vazi hili. Kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Marufuku ilikaa mpaka 1782. Watu waliovuliwa nguo zao kwa sheria kisha wakazirudia, mimi siwezi kuwaona mbali nami. Jamani, tuache kumvua mtu nguo kwa ulimi.

Picha ile ilifika Mombasa. Mjomba akampigia mama, kwa hasira. Mama akanipigia mimi, akaniuliza jambo moja tu: "Inafika magotini?" Nikamwambia inafika. Akasema niisogeze kamera ayaone matamvua.

Kwa hiyo vaa, kijana, lakini usivae siku ya mahafali peke yake. Anza sasa, nenda nayo maktaba, nenda nayo kununua mkate, ili Julai ikukute umeshaizoea. Ninayo moja ya ziada, ya kijani kibichi, hainitoshi tena. Jipime kiuno usawa wa kitovu, si pale unapofungia mkanda wa suruali, unitumie kipimo kwa sentimita.