Wakikuweka kwenye peji za umbea, usijieleze kwa kila mtu

Jamani hii mada nilishaichoka ila kila nikifungua simu naona mdada mwingine kawekwa kwenye peji za udaku, ndoa yake inachambuliwa na watu ambao hata jina lake kamili hawalijui, halafu naye anaingia kwenye komenti kujibu mmoja mmoja mpaka saa nane usiku. Dada angu, toka huko. Nakwambia kwa sababu yalishanikuta.

Mi si staa wala msanii, nashona tu hapa Kijitonyama, magauni ya sendoff na sare za harusi. Nilipewa talaka yangu, tukaachana kimya kimya bila kutupiana maneno, maisha yakaendelea, baadae nikapata ujauzito. Sasa kuna harusi moja huko Mbezi nimekaa zangu na tumbo langu nakula pilau, mtu kanipiga picha, kaituma kwenye peji yenye wafuasi kibao, juu wameandika kaachwa juzi tu, mimba ya nani hii. Usiku huo huo watu wakaanza kutoa mapovu. Nikaitwa danga, nikaambiwa natafuta kiki (kiki ya nini, ya cherehani?), akatokea na mmoja anasema ananijua vizuri nilikuwa nachepuka tangu niko kwenye ndoa, na wallahi mtu huyo simjui hata kwa sura. Mwingine kwenye profaili yake ameandika Alhamdulillah, huyo ndo aliyemuombea mabaya mpaka mtoto ambaye hajazaliwa.

Kilichonisaidia ni kitu kimoja. Kabla sijajibu chochote nilikaa kitandani nikajiuliza, hivi kwenye hili suala ni nani hasa wa kumueleza? Nikapata watu wachache sana. Mama, baba wa mtoto, mama yake, yule mwenzangu tunayeshona naye, na mama mwenye nyumba maana ni mtu wa swala tano sikutaka asikie kwa jirani. Nikawapigia usiku ule ule wale niliowapata, wengine asubuhi na mapema. Sikutunga hotuba, nilisema tu kuna picha yangu inazunguka, ukweli ni huu na huu, ukiulizwa sema unajua.

Mama yuko Tanga. Alfajiri shangazi mmoja akamtumia ile picha kutoka grupu la watsapu la ukoo, ishafowadiwa weee, na chini kaweka vile vikatuni vya kulia, akisubiri bi mkubwa ashtuke. Mama akajibu kwa sauti, sekunde tatu tu, "Najua, aliniambia mwenyewe, za huko?" Na umbea wa ukoo mzima ukaishia hapo, maana umbea unataka mtu wa kushtuka na hakuna aliyeshtuka. Ningechelewa mpaka mchana ingekuwa hadithi nyingine kabisa, mzazi akisikia kwa watu anaumia mara mbili.

Wateja nao nilikuwa nawaogopa sana. Kuna mmoja ameshatoa advansi ya sare za kamati nzima, naona jina lake linaita nikajua ndo anakuja kudai hela yake. Napokea, "Dada, Ijumaa nguo zinatoka au hazitoki?" Basi, hilo ndo lilikuwa tatizo lake duniani.

Sasa hao wengine wa kwenye komenti huwadai wala hawakudai. Usiingie laivu unalia, usiandike maelezo marefu, kila sentensi yako wanaikata wanaigeuza posti ya kesho. Zile peji zinakula kwa matangazo, mara nywele, mara dawa ya kupunguza tumbo, kwahiyo komenti ya kukutukana na komenti ya kukutetea kwao zote ni biashara. Na nyie mashoga mkiona mwenzenu kawekwa msiende kumpigania kule, mpigieni simu, mpelekeeni chakula, kaeni na simu yake hata nusu siku.

Wazee wetu wa pwani mtu akikuzushia walikuwa wanamsuta. Wanawake wanajikusanya na ngoma yao mpaka mlangoni kwake, shahidi yupo, aliyetoa maneno anaitwa atoke ayaseme tena mbele za watu. Sikusifii sana kusuta maana nako kulikuwa na vurugu zake, lakini angalau anayeaibika ni mzushi na mnajuana kwa sura. Leo unamsuta nani, akaunti haina picha, ina namba nne mbele ya jina?

Ndo maana nasema badala ya kubishana kusanya ushahidi. Piga skrinshoti kabla hawajafuta, ionekane jina la akaunti, tarehe na maneno yote, kopi na linki yake, mtumie mtu mwingine akutunzie, ndo uriport na ublok. Hapa Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23 kinahusu kumtumia mtu ujumbe wa kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, faini yake haipungui milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Wakianika namba yako au unapoishi kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na ina Tume yake inayopokea malalamiko. Mi sikufika mahakamani, kusema kweli ni safari ndefu na nilikuwa karibu kujifungua, nikaenda tu polisi nikaandikisha, halafu ndugu yangu mwanasheria akamwandikia admini ujumbe mfupi ukitaja kifungu na namba ya RB, ile unayopewa polisi ukishaandikisha. Magharibi haijaingia picha ishashuka.

Kuna wale wanaosema ukishajianika mtandaoni lazima usemwe. Mi sikujianika, nilikuwa nakula pilau. Na hata anayeposti, kuposti keki ya bethdei hakukupi wewe ruhusa ya kumuuliza nani alimpa mimba, Katiba yenyewe ibara ya 16 inamlinda mtu mpaka unyumba wake.

Ila kama kilichovuja ni picha au video za utupu, hapo usisubiri hata kidogo na usimlipe anayekutishia, ukilipa anarudi tena na dau kubwa zaidi. Usifute meseji zake hata kama zinakutia kichefuchefu, nenda nazo kituoni ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na nenda na mtu, maana ukifika pale peke yako ukaanza kuelezea unaweza kukata tamaa mlangoni.