Kwa afisa mpya wa mipango katika kaunti: kila ajira iwe na mlipaji

Ukiripoti kazini katika idara ya mipango ya kaunti, iwe Kisumu, Siaya, Vihiga au Nakuru, utakabidhiwa kwanza kitabu kinene: mpango wa maendeleo wa miaka 5, ambao kila mtu ofisini huuita CIDP. Wa sasa unaanzia 2023 hadi 2027, nao ni wa tatu tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Usome wote, hata majedwali ya nyuma ambayo wengi huyaruka. Kisha rudi kwenye kila mstari uliotaja ajira, na pembeni uandike jibu la swali moja: mradi ukishakwisha, mshahara huu utalipwa na nani?

Nimefanya kazi hii ya mipango huku ukanda wa Ziwa Viktoria kwa miaka mingi, na sijapata swali jingine linalotenganisha upesi zaidi mpango wa kweli na orodha ya matumaini. Mpango ukisema vijana elfu kadhaa watapata ajira kupitia mafunzo, uliza ni nani atakayewaajiri wakihitimu, kwa sababu mafunzo yenyewe hayamlipi mtu. Ukisema soko jipya litaleta nafasi mia kadhaa za kazi, nenda ukaangalie kama wauzaji hao hawako tayari kando ya barabara iyo hiyo. Kuwahamishia chini ya paa ni jambo jema, kunawakinga mvua na kuwapa heshima. Lakini kazi walikuwa nayo, kwa hiyo usiihesabu mara ya pili.

Kaunti yenyewe haiwezi kuwa mwajiri wa watu wote hao. Kanuni za fedha za kaunti za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na sheria ya usimamizi wa fedha ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo. Kisumu ilihesabiwa kuwa na watu 1,155,574 katika sensa ya 2019, Kakamega 1,867,579. Hata ukijaza ofisi zote za kaunti mpaka watu wakose viti, hutagusa hata ukingo wa tatizo. Mlipaji, kwa sehemu kubwa, atakuwa mfanyabiashara mdogo. Ukiacha wakulima wadogo, zaidi ya asilimia 80 ya Wakenya wenye kazi wako kwenye sekta isiyo rasmi, tunayoiita jua kali: gereji, vibanda, bodaboda, fuo za samaki. Kwa hiyo unapopanga ajira unatafuta kinachomzuia mtu mwenye wafanyakazi wawili asiongeze wa tatu. Vizuizi vyenyewe, ukivichunguza, vingi vimo mikononi mwa kaunti: leseni za biashara, masoko, barabara za mashinani, maafisa wa kilimo, vyama vya ushirika, vyuo vya ufundi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeyaorodhesha majukumu hayo ya kaunti. Lisome hadi ulijue bila kufungua kitabu.

Nikupe mfano wa ufuoni. Panda gari uende ufuo wowote wa Seme au Nyakach, huku Kisumu, unaotua omena, yaani dagaa wa ziwani, ufike alfajiri boti zikiingia. Wavuvi hutoka usiku na taa, na samaki wakifika nchi kavu wanakuwa mali ya akina mama walionunua kwa karai. Kuanzia hapo wanashindana na jua. Omena huanikwa juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini, hugeuzwa kwa mkono, na siku ya jua kali jioni huwa tayari kwa gunia. Mvua ikishuka saa nane mchana, kama inavyopenda kunyesha huku, mzigo uliokuwa chakula cha watu unageuka kuwa malighafi ya chakula cha kuku, na bei inaanguka pale pale. Muulize mama mmoja aliyekaa kando ya nyavu zake hasara ya wiki iliyopita ilikuwa debe ngapi. Atakwambia bila kusita, kwa sababu anaikumbuka kila akienda kulipa ada ya shule.

Sasa fikiria vichanja vya kuanikia, vyenye wavu juu na turubai la kufunika, na bohari kavu yenye sakafu ya saruji. Si vitu vya bei kubwa ukilinganisha na miradi inayopendwa. Mama yule akiacha kupoteza mzigo, anaweza kununua karai zaidi asubuhi, na akinunua zaidi hawezi tena kuanika, kuchambua na kupakia peke yake. Atamwita kijana au jirani na kumlipa kwa siku. Hapo mlipaji unamjua, chanzo cha pesa zake unakijua, na unaweza kurudi mwaka mmoja baadaye ukamuuliza kama bado analipa. Hizo ndizo ajira unazoweza kuziandika kwenye mpango ukiwa na moyo mweupe.

Ukienda ufuoni, chagua mwezi. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Timu ya wataalamu ikifika Mei itakuta fuo kimya na kuandika kwamba wanawake hawana shughuli. Na hata msimu ukiwa wazi, kazi hupungua mbalamwezi ikiwa kubwa, kwa kuwa taa za wavuvi hazivuti omena vizuri. Ndiyo maana napendelea kuhesabu siku za kazi zenye malipo kwa mwezi kuliko kuhesabu vichwa. Mtu aliyetoka siku 9 hadi siku 16 amepiga hatua kubwa, lakini fomu zetu nyingi humwandika kama mwajiriwa mara zote mbili, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mafundi wa jua kali wa mjini wana kizuizi cha aina nyingine. Tembea pale karibu na soko la Kibuye, mjini Kisumu, usikilize nyundo. Wanatengeneza majiko, mageti, wilbaro, masanduku ya shule. Wengi wana ujuzi wa kutosha kuchukua kazi kubwa zaidi, lakini kibanda kiko mahali pasipo na hati, na fundi hawezi kumwaga zege la kushikilia mashine nzito mahali ambapo anaweza kuamka na kukuta tingatinga. Mkopo peke yake hautamsaidia, kwa sababu hana pa kuuweka. Kipande cha karatasi kinachompa uhakika wa miaka 10, hata kama ardhi inabaki ya kaunti, kinaweza kuzaa kazi nyingi kuliko semina za ujasiriamali. Hili naliamini kabisa, na ningependa uwe miongoni mwa watakaolipigania.

Kuna jambo linaniuma zaidi ya yote, nalo halimo katika mkakati wowote wa ajira niliousoma: madeni ya kaunti kwa wafanyabiashara wake yenyewe. Sheria za ununuzi zinatenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri. Lakini anayeshinda zabuni hiyo kwa kawaida hana mtaji wa kungoja. Namkumbuka seremala mmoja aliyekuwa na vijana sita katika karakana yake. Alipata kazi ya madawati ya chekechea katika kaunti moja ya huku, akakopa kwenye chama chake cha akiba, akanunua mbao, akaleta madawati kwa wakati na yakapokelewa kwa sahihi. Malipo hayakuja mwaka huo wala uliofuata. Kwanza aliwaachisha kazi vijana wawili, kisha wote. Mwishowe aliuza randa ya umeme ili arudishe pesa za watu. Madawati yanakaliwa na watoto hadi leo. Katika ripoti ya mwaka, mradi ule ulihesabiwa kuwa umeleta ajira sita.

Ni lazima uelewe deni la namna hiyo linavyozaliwa, kwa sababu linazaliwa katika ofisi utakayokaa. Sehemu moja inatokana na fedha za mgao wa kitaifa kuchelewa kutoka Nairobi. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30, na kilichokosa kulipwa kinavuka. Hilo huna uwezo nalo. Sehemu ya pili iko mikononi mwetu. Bajeti ikikataa kusawazika, makadirio ya mapato ya kaunti yenyewe hupandishwa: ada za maegesho, ushuru wa soko, leseni, kodi ya ardhi. Kwenye karatasi hesabu inakaa sawa. Zabuni zinatangazwa kwa pesa zisizokuwepo, na mwishowe pengo linajazwa na mtu kama yule seremala. Kwa hiyo, ukiletewa makadirio, chukua makusanyo halisi ya miaka 3 kutoka ripoti za Msimamizi wa Bajeti, uyaweke kando kwa kando na makadirio mapya, na useme kwa adabu lakini kwa uwazi kama yanapishana. Orodha ya madeni iwe ukurasa wa kwanza wa mkakati wako wa ajira. Kulipa wanaodai, ukianza na wadogo, ni kazi ya kukuza uchumi inayotangulia mradi wowote mpya.

Ratiba nayo uishike mapema. Mpango wa mwaka, ADP, hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa ajili ya mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Waraka wa mapitio ya bajeti huja Septemba 30, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, makadirio ya bajeti Aprili 30. Wananchi wengi hufika kwenye vikao vya umma Aprili na Mei, ukumbi unajaa, wanaomba barabara na zahanati kwa uchungu wa kweli, nao hawajui kwamba miradi ilichaguliwa tangu Agosti. Nenda kwa watu Julai na Agosti. Waalike wenye kuajiri: chama cha wenye matatu, wauza samaki, wakulima wa mpunga wa Ahero, wenye hoteli ndogo. Sheria inalitaka jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti liwe na wawakilishi wa wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Likiitwa mapema na kupewa karatasi siku kadhaa kabla, utasikia mambo ambayo takwimu hazitakuonyesha.

Utakutana pia na ndoto ya kiwanda. Kila kaunti inataka chake, na si kosa kuota. Ila kabla ya kuandika sentensi moja, fanya hesabu ya malighafi. Tuseme mtu analeta wazo la kiwanda cha maziwa cha lita 10,000 kwa siku. Ng'ombe wa mkulima mdogo, baada ya ndama na watoto wa nyumbani kunywa, tuseme anabakiza lita 5 za kuuza. Unahitaji ng'ombe 2,000 wanaokamwa kila siku, hata wakati wa kiangazi, barabara zikipitika, na mchuuzi wa mtaani asiwe analipa bei nzuri zaidi kwa pesa taslimu. Kama hao ng'ombe hawapo, pesa ziende kwanza kwenye malisho, wahudumu wa mifugo na matangi ya kupoza. Huku magharibi tumezika viwanda vya kutosha kujua hili. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kiliposimama mwaka 2009, mji mzima ulipwaya, maduka, nyumba za kupanga, hata shule. Kiwanda cha sukari cha Mumias kiliyumba kwa namna hiyo hiyo, na wakulima wa miwa wakabaki na mashamba yaliyozidi kukomaa. Mpango unaotegemea mlipaji mmoja tu unawaweka watu wengi katika hatari moja.

Kisumu ina wadi 35, na kila mwakilishi wadi atataka kitu chake. Usimdharau. Amechaguliwa na watu na atarudi kwao. Lakini fedha zikikatwa vipande 35 vilivyo sawa, kila wadi hupata choo cha soko na kilomita chache za murram, na hakuna kinachofikia ukubwa wa kumwezesha mtu kuajiri. Kilichonisaidia mimi ni ramani. Mweke mheshimiwa mbele ya ramani, umwonyeshe bohari ya wadi jirani inapokea mazao ya wakulima wangapi wa wadi yake, na lori litapita barabara ipi. Akiona watu wake wamo, mara nyingi atakuunga mkono hata kama jengo liko ng'ambo.

Ndivyo ilivyo kati ya kaunti pia. Jumuiya ya kiuchumi ya kanda ya ziwa ina kaunti 14, kuanzia Migori hadi Trans Nzoia. Maziwa ya Nandi hufika Kisumu, mahindi ya Trans Nzoia huliwa Siaya, na omena wa Homa Bay hupakiwa pamoja na wa kwetu. Tafuta namba za simu za maafisa wenzako katika kaunti zinazopakana na yako, na kabla ya Agosti muulizane kila mmoja anakusudia kujenga nini. Ukikuta kaunti mbili zinapanga kiwanda kimoja kwa malighafi ile ile, andika hivyo katika waraka utakaompelekea waziri wako wa kaunti, pamoja na hesabu.