Jibu: Nyumba ya wageni ya vyumba vinne Lamadi

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kuendesha nyumba ya wageni ya vyumba vinne pale Lamadi, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na kifungua kinywa, bila kuajiri mtu. Inawezekana, ila mtaamka kabla ya jogoo. Wageni wanaokwenda Serengeti kupitia lango la Ndabaka, linalofunguliwa saa 12 asubuhi, hutaka chai, mayai na chapati mezani saa 11, au wafungiwe chakula waondoke nacho.

Kinachochosha zaidi si jiko bali wadudu wa ziwani, ambao hutoka majini kwa makundi yanayofanana na moshi, hasa karibu na mwezi mwandamo, na kufuata taa. Wekeni wavu wenye matundu madogo kwenye kila dirisha, zimeni taa za barazani mapema, na mfagie kuta alfajiri kabla mizoga haijaacha madoa. Rangi ya mafuta huoshwa kwa urahisi kuliko chokaa, na kwa maoni yangu inastahili gharama yake.

Kila kitanda kiwe na jozi tatu za mashuka, kwa sababu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, jua la kuanikia ni la kubahatisha. Vyandarua vikaguliwe kila mgeni anapoondoka. Vyumba vikianza kujaa mfululizo, kazi ya kwanza kumkabidhi kibarua ni ya kufua, wala si ya kupika.