Maswali yenu ya paneli na PLC, leo nimekaa kuyajibu

Meseji zimekuwa nyingi tangu niseme hapa kwamba PLC (zile kompyuta ndogo zinazoendesha mashine) nyingi ninazoitwa kuzitazama hapa Kigoma hazijafa zenyewe, zimeuliwa na boksi zilimofungwa, ndiyo tunaloita paneli, au na fundi aliyezifunga. Kuna walionuna. Sawa. Nimechagua maswali saba, mengine yalikuwa yanafanana.

Shikamoo fundi. Niko Kasulu, mashine ya kukamua mawese. Bosi anataka niongeze moduli ya input (kipande cha PLC kinachopokea ishara za sensa na swichi) ila hataki tuzime, anasema ni volti 24 tu haiui mtu. Naweza kuichomeka ikiwa na moto?

Marahaba mdogo wangu. Usichomeke. Kwanza moduli nyingi ukizichomoa au kuzichomeka zikiwa na moto unaunguza zenyewe na jirani yake, labda kitabu chake kiseme wazi kwamba inaruhusiwa, na za bei ya kwetu hizi huwa haziruhusu. Pili huyo bosi anaangalia 24 anasahau kwamba boksi hilohilo lina 400 ya mota sentimita ishirini kutoka kwenye kiwiko chako. Na kuna kitu mafundi wengi hawakijui mpaka kiwarushe: output za relei, yaani swichi ndogo ambazo PLC inatumia kuwasha vitu vya nje, zinaweza kuwa zinapitisha 230 inayotoka breka nyingine kabisa, labda ya pampu ya maji iko chumba cha pili, kwa hiyo umezima breka kuu ya paneli, taa zote za PLC zimezimika, unajiona salama kumbe terminali tatu za mwisho bado zina moto.

Mimi nafanya hivi. Nazima, napiga kufuli kwenye swichi, funguo inakaa mfukoni mwangu mwenyewe siyo kwa msimamizi. Alafu napima mita kwenye kitu ninachojua kina moto, napima paneli, narudi kupima tena pale penye moto. Watu wanaruka hiyo ya tatu, sa kama mita imekufa katikati utajuaje? Kama kuna inveta ya mota ndani (ile inayobadilisha mwendo wa mota) subiri pia, kapasita zake zinabaki na chaji, dakika zimeandikwa kwenye kibandiko chake, nyingi ni tano na kuendelea. Usizihesabu kichwani, angalia saa.

Na rangi za waya usiziamini. Zamani fezi zilikuwa nyekundu, njano na bluu, nyutro nyeusi. Siku hizi fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, nyutro bluu. Umeona mtego ulipo? Nyeusi ya jana ni nyutro, nyeusi ya leo ni fezi, na paneli za kwetu zilizoguswa na mafundi wanne miaka kumi zina zote mbili humohumo. Pima.

Bosi akikataa kuzima mwambie kusimama nusu saa ni hasara ndogo kuliko kusubiri moduli mpya itoke Dar.

Bro, PLC yetu ya mashine ya barafu inajizima yenyewe kila siku kama saa nane mchana, jioni inarudi fresh. Boksi liko nje ukutani. Fundi mmoja kasema ni mwinuko wa Kigoma.

Mwinuko! Nimecheka. Ziwa letu liko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, Tabora nayo ni kama 1200, na vifaa hivi vingi vinaruhusiwa mpaka 2000. Waacheni milima.

Hilo ni joto. Moduli nyingi mwisho wake ni nyuzi 55 au 60, na hiyo ni hewa ya humo ndani ya boksi inayoigusa moduli, siyo ile ya utabiri wa hali ya hewa redioni. Boksi la chuma likipigwa na jua la mchana, ndani kuna inveta, kuna pawa saplai, linakuwa oveni. Nikiangalia picha uliyotuma naona mambo matatu. Moja, ukuta unatazama magharibi na hauna kivuli, tafuta bati ulitengenezee kofia, acha nafasi hewa ipite kati ya bati na boksi. Mbili, PLC umeifunga imesimama wima ili utoshee kila kitu. Ile inatakiwa ilale sambamba na ardhi kwenye reli yake ya milimita 35, ili hewa iingie matundu ya chini itoke ya juu. Ukiisimamisha hewa haipandi vizuri, na vitabu vingi vinakupunguzia kama nyuzi kumi kwenye ule mwisho. Tatu, umeibana juu na chini kwenye mifereji ya waya. Acha nafasi, kitabu kitakwambia kiasi gani, kingine milimita 25 kingine 50, na inveta yenye joto isikae chini ya PLC maana joto linapanda juu, hilo hata mama ntilie anajua.

Feni ukiweka iwe na chujio na ulisafishe. Feni bila chujio inaleta vumbi ndani tu.

Naunga paneli ya kinu cha kukoboa mpunga, niko Nzega huku Tabora. Nimeshafunga kila kitu alafu nikakumbuka tundu la glandi moja (ile inayobana waya unapoingia kwenye boksi), naweza kutoboa taratibu?

Nikwambie yangu. Miaka ya mwanzo nilifanya hivyohivyo, kwa mteja mmoja huku kwetu, tundu moja tu kwenye paa la boksi, nikaziba kwa mkono wa kushoto huku drili iko kulia. Nikapuliza na mdomo. Nikawasha, ikafanya kazi siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili napigiwa simu usiku mashine imejiwasha yenyewe hakuna mtu aliyegusa swichi. Kufungua moduli ya output nakuta chembe ya chuma nyembamba kama unywele imelala juu ya njia mbili za bodi. Hakuna aliyekuwa karibu na mashine, namshukuru Mungu, ila moduli nililipa mwenyewe na yule mteja hajawahi kuniita tena na simlaumu.

Kwa hiyo toboa, lakini toa moduli kwanza. Ile bamba la nyuma lina skrubu nne, litoe lote kaliweke mbali kabisa, toboa, piga msasa kingo zisikate waya, fagia, pitisha sumaku, ndo urudishe. Na utoboe chini ya boksi siyo juu! Tundu la juu ni mlango wa maji.

Kitu kingine: moduli nyingine zinakuja na karatasi au plastiki imebandikwa juu ya matundu ya hewa. Iache wakati unafunga waya, vipande vya shaba visidumbukie. Alafu ukimaliza ITOE kabla ya kuwasha. Nimekuta paneli imefanya kazi miaka miwili karatasi bado ipo, mwenye mali anajiuliza kwanini inachemka.

Fundi, kwenye PLC nimebakiwa na input moja, naweza kuleta emajensi stopu pale alafu programu ndo izime mota?

Hapana kabisa. PLC ya kawaida inaweza kuganda, output yake ikanata imewaka, na hapo mtu mkono wake uko kwenye skrubu ya kukamulia. Ile kitufe chekundu chenye mgongo wa njano ikate umeme wa koili ya kontakta yenyewe (ile swichi kubwa ya sumaku inayowasha mota) kwa waya, au ipitie relei ya usalama iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Itumie mguso unaokaa umefunga, yaani ukibonyeza unafunguka, ili hata panya akikata waya mashine isimame. Na ukikizungusha kitufe kurudi mashine isiwake yenyewe, mpaka mtu abonyeze kuwasha. Hiyo input yako iliyobaki itumie kuipa PLC habari tu kwamba stopu imebonyezwa, basi.

Mimi ni dada niko field kiwandani Tabora. Sensa ya ujazo inaruka namba hovyo kila inveta ikiwaka, mafundi wananiambia ni sensa mbovu, washabadilisha mbili.

Dada yangu hongera kwa kutokukubali. Sensa mbili mpya haziwezi kuumwa ugonjwa mmoja. Fungua mfereji wa waya, nakuwekea soda utakuta waya wa sensa umelala pamoja na waya wa mota kutoka inveta mwendo mrefu. Watenganishe, kila mmoja na mfereji wake, na pale ambapo lazima wakutane wakatize kama msalaba, nyuzi 90. Waya wa mota uwe wenye ngao (ule wavu wa chuma unaozunguka waya ndani ya ganda), ngao iungwe ethi pande zote mbili, kwa klipu inayoizunguka nzima siyo kwa kuisuka mkia. Ngao ya sensa wengi tunaiunga upande wa paneli tu.

Alafu angalia ethi ya paneli. Rangi ya boksi haipitishi umeme, watu wanakaza boliti juu ya rangi wanasema ethi tayari. Kwangua mpaka chuma kionekane, weka washa yenye meno. Mlango nao uwe na waya wake wa kijani na njano, bawaba siyo ethi. Na huko kwenu kiangazi kikikauka ardhi inakuwa ngumu kupitisha, kwa hiyo ethi iliyopimwa wakati wa mvua ipimwe tena mwezi wa tisa.

Radi uliuliza pia. Weka kizuia radi pale umeme unapoingilia, waya zake ziwe fupi, zote pamoja zisizidi nusu mita. Nimeona kimefungwa vizuri alafu waya wa ethi umezungushwa kama kamba ya ng'ombe, hapo hakisaidii kitu.

Output za relei zinaungua kila baada ya mwezi, zinaendesha kontakta. Nibadilishe kampuni?

Bado. Koili ikikatwa inarudisha volti kubwa, ndo inayochoma miguso. Koili ya DC weka diodi sambamba nayo, 1N4007 inatosha kwa kontakta za kawaida, ule mstari uelekee chanya. Koili ya AC weka varista (inameza volti ikizidi) au ile ya RC (rezista na kapasita pamoja), ukiweka diodi kwenye AC umetengeneza shoti, usije ukasema mimi ndo nimekwambia. Na leseni ya EWURA, ile ya fundi umeme, unayo? Nauliza tu maana swali lako lilianza na "mimi siyo fundi ila".

Mijusi. Nisaidieni na mijusi.

Hahaa. Huku ufukweni Kibirizi ni vita. Mjusi anafuata joto na wadudu, anakatiza kati ya fezi mbili za kontakta, anakufa yeye na breka inaruka. Dawa ni kuziba: kila tundu lisilo na waya liwe na kizibo, glandi iendane na unene wa waya, ile waya tatu kwenye glandi moja iliyojazwa tepu anaipenya. Mpira wa mlango ukishakatika badilisha. Ila ukiziba sana unyevu wa usiku unageuka matone ya maji ndani, hapo weka hita ndogo ya paneli au kizibo kinachopumua. Na taa ya nje msiifunge juu ya boksi jamani, ndiyo inayoita wadudu, isogezeni mita tatu.