Barua kwa mwanangu: Usiiache namba nane

Uyole, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku hatujambo. Mvua zimeshika, viazi tumeshapanda ile ekari ya juu, na asubuhi ukungu hauondoki mpaka saa tatu. Jana usiku kaka yako alinisomea ujumbe wako mara mbili, kisha nikachukua simu nikausoma mwenyewe. Unaniuliza: "Mama, namba tisa wetu ameumia, kocha anataka nicheze mbele. Wakala ananiambia nikubali na nibadilishe namba moja kwa moja, kwa sababu viungo hawauziki. Wewe unaonaje?"

Nimelala nalo hilo swali. Wewe ni namba nane, kiungo wa katikati, na namba tisa ni mshambuliaji. Mechi alizokuomba kocha, cheza mbele kwa moyo mmoja, timu imepungukiwa na kocha ni mwalimu wako. Lakini kubadilisha namba kabisa ili uuzike, hapana. Hilo silikubali, na nitakueleza kwa nini, hata barua ikiwa ndefu.

Nilipokuja Dar es Salaam kukuona ukicheza, kuna jambo sikukusimulia. Pale mlangoni nilinunua karanga za kwenye karatasi, nikakaa jukwaani karibu na kijana mmoja. Akaniuliza, "Mama, wako ni yupi?" Nikamwonyesha. Akasema, "Aa, huyo simuoni sana." Aliongea kwa adabu tu, lakini lilinichoma. Basi nikaanza kuhesabu. Kila ulipogusa mpira nilitoa karanga moja kwenye karatasi nikaiweka mapajani, juu ya kanga. Ukiupoteza, ile karanga nikaifunga kwenye pindo. Sikula hata moja. Filimbi ya mwisho ilipopulizwa nilikuwa na karanga 58 mapajani na saba kwenye pindo. Nilimwonyesha yule kijana. Alizitazama muda mrefu, akaniambia, "Mama, kumbe mpira wote unapita kwake."

Na lile goli nalikumbuka. Uliunasa mpira katikati, ukageuka, ukampa winga wa kulia, yeye akapiga krosi, namba tisa akamalizia kwa kichwa. Wote wakamkimbilia yule mfungaji. Wewe uliruka mara moja, kisha ukarudi kwenye nafasi yako ukiwapungia mabeki mkono wasogee juu, maana uliona wapinzani wanataka kuanza haraka. Sikujua kama ni mimi peke yangu niliyeuona ule mkono.

Hicho kitu hukufundishwa na mtu. Ulikuwa darasa la tano, mnacheza na wavulana kwenye kile kiwanja cha shule chenye mteremko, mimi nimepita na ndoo ya maji. Kabla mpira haujakufikia, kichwa chako kiligeuka kulia, kikageuka kushoto, ndipo ukaupokea, na ukiupokea ulishajua pa kuupeleka. Nilidhani kuna mtu unamwogopa. Jioni nikakuuliza, ukanijibu, "Naangalia nani ananijia, mama." Wapo wachezaji wanafikisha miaka thelathini bila kujua kuangalia nani anawajia. Ukienda kucheza mbele, mgongo ukiwa kwa goli na beki amekukalia shingoni, hilo jicho lako litakuwa na kazi ndogo sana. Na utashindana na mabinti waliokuwa wanafunga tangu wana miaka kumi. Ukiwa na miaka 22 utakuwa umerudi darasa la kwanza.

Sasa wakala wako hajakosea kila kitu, na mimi sitaki kukudanganya. Mabinti wetu waliotajwa sana kwa kutoka nje ni washambuliaji. Aisha Masaka alikwenda Uswidi, kisha Uingereza. Opah Clement alicheza Uturuki, na ndiye aliyetufungia dhidi ya Afrika Kusini kule Moroko, Julai 2025, tulipotoka sare ya 1-1 na mabingwa watetezi wa Afrika. Clara Luvanga alikwenda Saudia, Al Nassr. Goli linaonekana, linakatwa kipande cha video cha sekunde kumi, linatumwa. Pasi ya kuvunja mstari wa kiungo haitumwi. Naelewa inauma.

Lakini Julietha Singano ni beki, na amecheza ligi ya Meksiko. Na kabla yao wote Sophia Mwasikili, nahodha wa Twiga Stars, beki, alicheza Uturuki wakati huku kwetu watu walikuwa hawajui hata kama wanawake wana timu ya taifa. Hao hawakuambiwa wahame namba kwanza.

Kisha nikamwomba kaka yako anitafutie ni nani wanaochukua ile tuzo ya mchezaji bora wa dunia, Ballon d'Or ya wanawake. Mwaka 2021 na 2022, Alexia Putellas. Mwaka 2023, 2024 na 2025, Aitana Bonmatí. Miaka mitano mfululizo, watu wawili, timu moja ya Barcelona, na wote wawili ni viungo! Nilimwambia arudie kusoma. Sasa huyo anayesema viungo hawauziki, dunia gani anaiangalia?

Na yuko yule mama wa Brazil, Formiga. Huyo ni kiungo mkabaji, mkata umeme kama mnavyosema ninyi. Alicheza Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1995, wewe hujazaliwa, na la saba mwaka 2019 kule Ufaransa, akiwa na miaka 41. Mara saba, mwanangu. Mshambuliaji anaishi kwa mbio, na mbio zina umri wake. Kiungo mwenye jicho anazidi kuiva. Wewe umekulia juu huku, mita 1,700 na zaidi, ukipanda kilima na gunia kabla ya kwenda shule. Hiyo pumzi uliyo nayo dakika ya themanini, wenzako wakiwa wameshika viuno, ni mtaji wa mtu wa kati.

Kuhusu huyo wakala. Mimi nimeuza viazi kwa madalali zaidi ya miaka ishirini. Dalali mwema hukuacha upime mzigo wako. Ukiona anakuharakisha, anakwambia gari linaondoka, mama funga lumbesa twende, ujue haraka hiyo ni ya kwake. Muulize kwa heshima akuonyeshe leseni yake ya FIFA. Siku hizi wakala lazima awe nayo, na majina ya wenye leseni yako wazi kwenye tovuti, kaka yako atalitafuta la kwake. Kama lipo, tutaongea naye. Kama halipo, mshukuru na umuage.

Nisingekuwa mkali hivi kama nisingekuwa na deni kwako. Unalijua, hatujawahi kulizungumza. Ulikuwa kidato cha pili. Umechaguliwa kwenda kambi ya mkoa ya UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, mwalimu wako wa michezo alikuja mpaka nyumbani kuniomba. Ilikuwa Juni, viazi viko tayari, na Fuso la mnunuzi lilikuwa linakuja Alhamisi. Nikasema huendi, mikono haitoshi. Hukulia. Ulivaa ile jezi ya timu ya shule ukaingia nayo shambani, ukachimba viazi siku mbili bila kuivua, matope mpaka kwenye namba mgongoni. Usiku wa pili niliiloweka kwenye beseni, nikaifua mwenyewe, matope hayakutoka yote. Fuso lilikuja Jumamosi. Nilikuwa nimekufungia njia kwa ajili ya gari ambalo halikuwa na haraka hata kidogo. Ulipata nafasi tena baada ya mwaka mzima, kwa jitihada zako, na mimi sikukuomba radhi. Nakuomba leo. Nisamehe, mwanangu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anakuharakisha, moyo unanidunda.

Mengine hukuniuliza, lakini nikishashika kalamu nitasema. Mkataba wowote, wa kocha huyu au wa nje, uwe wa maandishi, na usizidi miaka mitano, ndivyo kanuni za FIFA zinavyosema. Unakumbuka ile timu yako ya kwanza ilivyokaa miezi mitatu bila mshahara, unanipigia usiku unalia, mimi nauza gunia la mbegu nikutumie nauli. Hatukujua lolote wakati ule. Sasa tunajua: klabu ikikaa na mishahara yako ya miezi miwili, unaiandikia notisi ya siku 15, na isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Kwa maandishi. Maneno ya simuni hayahesabiki.

Goti. Umeniambia mnafika uwanjani mnapasha dakika tano mnaanza. Hiyo inanitisha kuliko wakala. Ile kano ya ndani ya goti mnayoiita ACL, wanawake inawachanika mara nyingi kuliko wanaume. Huyo huyo Putellas ilimchanika Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza, akakaa nje karibu miezi kumi. Yeye alikuwa na madaktari na mashine. Sisi tuna bibi yako na mafuta ya kuchua. Yako mazoezi ya kupasha mwili yaliyoandaliwa na FIFA, yanaitwa 11+, ni dakika 20, hayahitaji mashine yoyote. Kama timu haifanyi, fika mapema ufanye peke yako. Wenzako wakicheka wacheke.

Na siku ukitaka mtoto, usiogope kwamba mpira umekwisha. Tangu Januari 2021 FIFA imeweka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, kwa angalau theluthi mbili za mshahara. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland, kiungo kama wewe, alijifungua mwaka 2021, na klabu yake ya Ufaransa ilipokuwa haijamlipa mshahara wake wote akaidai mbele ya FIFA, akashinda, zaidi ya euro 82,000. Akarudi uwanjani na mwanawe mkononi. Nakuambia hili sasa kwa sababu najua wapo watakaokuambia uchague kimoja.

Nimalizie la kocha. Kabla ya mazoezi, nenda umwamkie, umuulize faragha: "Mwalimu, ni mechi ngapi?" Mwambie uko tayari kuziba pengo mpaka mwenzako apone, na kwamba ungependa kurudi nane akishapona. Mwambie hivyo ukimwangalia usoni, bila kununa. Nadhani atakuheshimu. Na huko mbele jifunze unachoweza, jinsi beki anavyokaa, wapi mshambuliaji anatamani pasi ije. Ukirudi katikati utakuwa unawapa mipira kama mtu aliyewahi kuwa na njaa yao.

Uamuzi ni wako, wewe si yule wa kidato cha pili. Ukiamua tofauti na nilivyosema, nitakuja vilevile na nitakaa jukwaani vilevile.

Nimempa kondakta wa basi la kesho alfajiri kiroba cha viazi na maparachichi kumi. Mpokee stendi ya Magufuli, usichelewe, asije akauacha mzigo kwa watu. Maparachichi mawili mpelekee kocha. Yule namba tisa aliyeumia mpe manne, umwambie mama yangu wa Mbeya anakupa pole.

Mama yako