"Mimi hufundisha Kiswahili tu"

SWALI: Hujambo Mwalimu? Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Embakasi, mwaka wa nne sasa, Kiswahili na Dini. Jumamosi huenda Kilimani kufundisha wageni wawili, watu wazima. Juzi kwenye mkutano wa familia mjomba aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia mimi hufundisha Kiswahili tu. Akacheka: "Hicho si tunakiongea bure?" Shuleni nako tunaambiwa sisi si walimu tena, ni wawezeshaji. Nataka kuchapisha kadi za wateja wangu wa Jumamosi. Nijiite mwalimu, mkufunzi au mwezeshaji?
Mwalimu wa Embakasi

JIBU: Sijambo, mwalimu mwenzangu. Kabla ya kadi, tuitazame hiyo "tu" yako. Mjomba hakuileta, ulimkabidhi mwenyewe, naye akaitumia.

Naijua kwa kuwa niliibeba miaka mingi. Nilianza kazi 1986, mwaka mmoja baada ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 kuingia na Kiswahili kuwa cha lazima. Awali mtu aliweza kumaliza sekondari bila kutahiniwa Kiswahili, kwa hivyo katika chumba cha walimu tulionekana kama watu waliodandia gari njiani. Mwenzangu wa Hisabati alisema, "Kesho nina aljebra." Mimi nilisema, "Nina Kiswahili tu," na mbele yangu kuna insha arobaini na tano na kalamu nyekundu inayokaribia kuisha wino.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniandikia "kitabu yangu imepotea". Siku nyingi ningepiga mstari na kusonga. Siku hiyo nilimwita. Wingi wake? "Vitabu." Basi hiyo ki inageuka, ina kazi, mbona "yangu" haiiitikii? Akajaribu polepole, akinitazama usoni: kitabu... changu... kimepotea. Nikamwongezea kwamba neno lenyewe ni la Kiarabu, kitab, na ki yake haikuwa kiambishi hata kidogo. Waswahili waliisikia wakadhani ni ndugu ya kiti na kisu, wakaipa wingi. Akacheka. "Kumbe hata wao walikosea?" Nilikuwa bado natafuta jibu kengele ilipolia.

Hiyo ndiyo kazi yako, dada. Mjomba akiuliza tena, msimulie kitu kama hicho ulichokifanya wiki hiyo hiyo, usimtajie jina la somo peke yake.

Sasa majina. Mkufunzi, kwa mazoea yetu, ni yule anayefundisha walimu chuoni. Usilichukue kwa kuwa linapendeza. Mwezeshaji lina ukweli wake, maana mtoto ndiye anayepaswa kufanya na wewe kumwonyesha njia, lakini sijawahi kumwona mwezeshaji akipigania kalamu nyekundu.

Kilimani ndiko ningekuwa mwangalifu. Shuleni unamwandaa mtoto kwa karatasi tatu za KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na matumizi ya lugha peke yake yana alama 40. Mgeni wako hana haja na isimujamii, ile sehemu ya lugha na jamii. Anataka kumwambia makanga wa matatu "shukisha hapo" kabla hajapitishwa steji, na kumwuliza mama mboga bei bila kutoa simu atafsiriwe. Ukimkatiza kila anapokosea ngeli, atanyamaza. Mtu mzima huona aibu kuliko mtoto. Kwake wewe ni mwalimu nusu na mwenyeji nusu. Acha makosa matatu yapite, shika la nne.

Kwa hivyo kadi iandike "Mwalimu wa Kiswahili", na chini yake, kwa herufi ndogo, "mazungumzo ya kila siku kwa watu wazima". Kisha nambari ya simu. Moja mpe mjomba.