Kupaka upya mlango wa chuma wenye kutu

Umeuliza kama unaweza kupaka rangi mpya juu ya ile inayobanduka. Tafadhali usifanye hivyo. Kutu huendelea kula chuma chini kwa chini, na baada ya muda rangi mpya itavimba malengelenge na kubanduka pamoja na ya zamani.

Kwangua kila kinachobanduka kwa brashi ya waya, kisha piga msasa mpaka chuma king'ae pale palipokuwa na kutu. Rangi iliyoshika vizuri huna haja ya kuitoa yote, ikwaruze tu ipoteze mng'ao. Kama ni rangi ya zamani sana huenda ina risasi (madini yenye sumu), kwa hiyo piga msasa ukiwa umeilowesha, vaa barakoa, na watoto wakae mbali. Pitisha kidole ukingo wa chini wa mlango: maji hutuama hapo, na ndipo wengi hupasahau.

Osha kwa maji na sabuni, kausha, futa kwa kitambaa chenye thina. Paka praima (rangi ya kwanza ya chini) ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, maana chuma kitupu huanza kushika kutu upesi. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara 2, nyepesi nyepesi. Ukipaka nzito itachuruzika.

Kitasa kifungue kabisa kuliko kukizungushia utepe wa karatasi wenye gundi. Na usipake jua likiwa linaupiga mlango, rangi itakauka juu huku chini ikiwa mbichi.